Mwenzangu Hagombi, Ananuna: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hasira ya Chini kwa Chini Katika Ndoa

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka ya kukaa na watu wenye ndoa: kwenye vikao vya usuluhishi, jikoni wakati wa shughuli, ndani ya gari tukirudi msibani. Yaliyojirudia ndiyo yaliyoandikwa hapa. Ukiwa na haraka, anza na swali la "sina kitu". Ukiwa unamwogopa mwenzio, ruka yote uende kwenye swali la ukatili, karibu na mwisho.

## Kuelewa kinachoendelea

Hasira ya chini kwa chini ni kitu gani hasa?

Ni hasira inayotokea mlango wa uani. Mwenye nayo haisemi, ila anahakikisha unaionja. Ukimuuliza, hana neno. Lakini kikombe cha chai kinatua mezani kwa kishindo, shati lako limepigwa pasi mkono mmoja, luku imebaki yuniti mbili na aliyeiona hakusema mpaka giza lilipoingia. Kila kimoja ukikishika peke yake ni kitu kidogo, unaona hata aibu kukilalamikia. Na nguvu yake iko hapo hapo: anayekukera ana mikono misafi, na wewe uliyepandisha sauti ndiye unayeonekana mgomvi mbele ya watoto.

Sura zake ni nyingi. Kununa, kususa chakula, kurusha vijembe, kusema "sawa" kisha kutofanya, kusahau yale yale kila mwezi, kuchelewa siku ya shughuli ya ndugu zako tu, utani wenye mwiba, kulala mzungu wa nne. Lugha yetu haikosi maneno ya jambo hili, na lugha haitungi maneno mengi kwa kitu ambacho watu hawakioni.

Kila mtu hununa. Nitajuaje kwamba hii ni zaidi ya kununa?

Kununa kwa kawaida kuna chanzo kinachojulikana na kuna mwisho. Umemtukania kaka yake, amenuna, umeomba radhi, jioni mnakula pamoja. Hiyo ni ndoa tu.

Tatizo ni pale inapokuwa ndiyo njia pekee ya kutoa dukuduku, na mwenyewe akikana kwamba kuna dukuduku. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: je, umeanza kuishi kwa kupiga ramli? Unaingia ndani ukitazama kwanza viatu vimewekwaje, redio iko juu au chini, mlango wa chumbani umefungwa au umeegeshwa, ndipo ujue leo uongee au unyamaze. Ukifika hapo, si kununa tena.

Ni ugonjwa wa akili?

Hapana. Lakini historia ya jina lake la kitaalamu, ambalo kwa Kiingereza ni "passive-aggressive", inafundisha. Mwaka 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari wa akili wa jeshi la Marekani, Kanali William Menninger, alieleza askari ambao hawakukataa amri waziwazi, bali waliitekeleza kwa kununa, kwa kujivuta na kwa uzembe wa makusudi. Mwaka 1952 hali hiyo ikaingia kwenye mwongozo wa kwanza wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili. Toleo la 1994 likaitoa kwenye orodha kuu na kuiweka kwenye kiambatisho.

Linalonivutia mimi ni kwamba jambo hili lilianza kuandikwa kambini. Askari hawezi kumwambia ofisa wake "sitaki". Basi husema "ndiyo afande", kisha buti linachukua saa nzima kufungwa kamba. Hasira hii hustawi mahali ambapo "sitaki" ni neno la hatari. Kabla hujamtazama mwenzio, tazama kama nyumba yenu haijawa kambi, na ofisa ni nani.

Si ni tabia ya wanawake?

La. Za wanawake zinaonekana zaidi kwa sababu zina sanaa: kuna kanga, kuna mipasho, kuna wimbo unaoimbwa huku mtu anafagia mbele ya miguu ya mlengwa. Za wanaume zimejificha ndani ya shughuli. Anayesema "nitatengeneza" bomba la jikoni miezi mitano mfululizo. Anayefika nyumbani akakaa ndani ya gari nje ya geti, akichezea simu mpaka aone taa ya sebuleni imezimwa. Anayejibu kila shauri kwa "sawa mama, wewe ndiye unayejua", kisha hafanyi hata moja. Hakuna anayemwita huyo mwenye kisirani. Husemwa tu kwamba ni mpole.

Kwa nini asiseme tu kilichomuudhi?

Hapa sitaharakisha, kwa sababu bila jibu la swali hili mbinu zote zinazofuata zitakuwa ujanja mtupu.

Wengi wetu tumelelewa hivyo. Mtoto mwenye adabu hajibu. Mke mwema hana mdomo. Hilo bibi harusi huambiwa na kungwi, na tena na mashangazi jikoni, na mara ya tatu kwenye sherehe ya kumuaga. Mwanamume naye hakuambiwa chochote, isipokuwa kwamba akisema ameumia atachekwa. Watu wawili wa namna hiyo wanafungiwa ndani ya vyumba viwili na sebule, wanatakiwa kuelewana. Hasira zitapita wapi? Kwenye masufuria.

Sababu ya pili haipendwi na wanaouliza. Huenda alishasema, akajuta. Jiulize: mara ya mwisho mwenzio alipokwambia wazi kwamba umemkosea, ulifanya nini? Ulimkatiza? Ulimkumbusha makosa yake ya mwaka juzi? Ulilia mpaka yeye ndiye akaomba radhi? Ulimpigia dada yako mkamcheka? Mtu akichomwa mara mbili kwa kusema, ya tatu hasemi, na hilo si kisirani.

Na sababu ya tatu: kununa kunalipa. Akinuna anabembelezwa, analetewa zawadi, jambo alilolikataa linaachwa bila yeye kulikataa. Kinacholipa hurudiwa, kama biashara yoyote.

## Nyumbani, siku hadi siku

Nikimuuliza "una nini?" anajibu "sina kitu", na uso umemvimba. Nifanyeje?

Mkubalie neno lake. Ndilo jibu ninalolitoa mara nyingi kuliko yote, na ndilo linalopingwa zaidi.

Tunachokifanya wengi ni kuuliza mara kumi. "Una nini? Si uniambie. Nimekosa nini? Ni ile habari ya mama?" Kila swali jipya linaongeza bei. Mwenzio anajifunza kwamba akikaa kimya utazunguka kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, utakiri hata makosa ambayo hakuyajua. Badala yake uliza mara moja, kwa nia njema, kisha simama. Mfano:

"Mume wangu, naona tangu jana kama kuna jambo."

"Hamna kitu."

"Haya, nimekubali hamna kitu. Kikiwepo, nipo jikoni, na nitasikiliza bila kugomba."

Kisha nenda jikoni kweli. Pika, imba, piga simu kwa dada yako mzungumze habari za harusi. Usiende kujikunja mlangoni ukisubiri. Umempa njia mbili zilizo wazi: aseme, au akae na kimya chake mwenyewe. Hujamwadhibu, wala hujamlipa.

Nalijua hili kutoka upande wa pili. Mimi mwenyewe niliwahi kununa siku kumi na moja kwa ajili ya friji kuukuu ambalo mume wangu alimpa dada yake bila kuniuliza. Siku za mwanzo alinibembeleza kila jioni, alileta mishkaki, alileta chipsi, nami nilikula huku nimegeukia ukutani. Siku ya kumi alisema, "Mama, ukiwa tayari nipo. Sasa hivi nakwenda kutazama mpira." Akavaa kandambili akaondoka. Nilikasirika kuliko siku zote tisa zilizopita! Nikakaa na ukuta wangu. Kesho yake asubuhi, akinywa chai, nikamwambia habari ya friji. Ilichukua dakika nne.

Mazungumzo yenyewe niyaanzeje?

Chagua saa. Si mlangoni mtu anaingia, si kabla hajala, si usiku wa manane taa zimezimwa, wala si mbele ya dada wa kazi. Watu wengi wasiojua kusema husema vizuri wakiwa bega kwa bega kuliko uso kwa uso: mkitembea, mkiwa safarini, mkichambua mchele. Macho yakiwa na kazi nyingine, ulimi hulegea.

Taja jambo moja lililoonekana, la juzi, bila kulifasiri. "Jumamosi ulisema utakuja kwa shangazi, hukuja, na simu hukupokea. Niliumia. Nataka kujua kama hukutaka kwenda." Linganisha na hili: "Wewe kila siku unawadharau ndugu zangu." La kwanza linajibika. La pili ni kesi, na kwenye kesi mtu hutafuta utetezi.

Moto ukipanda, pumzikeni. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, alionyesha kwamba moyo ukishapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika mtu hasikii tena anachoambiwa, na mwili huhitaji dakika zisizopungua 20 ili utulie. Lakini kupumzika kuwe na saa ya kurudi: "Nimekasirika, nipe nusu saa, saa tatu tutaendelea." Hiyo saa tatu ndiyo inayotenganisha kupumzika na kununa. Anayenuna haagi, wala hasemi atarudi lini.

Anakubali kila ninachomwomba, kisha "anasahau". Nimechoka.

Mpe ruhusa ya kukataa. Mwambie, "Kama kutengeneza bomba hutaki, sema hutaki, nitaita fundi, sitakasirika." Kisha timiza: fundi aje, alipwe kutoka fedha za nyumba, na usimhesabie mwenzio siku ya tatu mbele ya wageni. Ukimhesabia, umemthibitishia kwamba kukataa ni kosa, na atarudi kwenye kusahau.

Akisema "nitafanya", uliza lini, na chukua siku aliyoitaja yeye. Ikipita, usifanye wewe huku unanung'unika. Kama ni nguo zake hazikufuliwa kwa sababu hakununua sabuni aliyoahidi, zikae. Kama ni ada ya mtoto, hapana. Mtoto hafanywi kuwa somo la mtu mzima. Lipa kama unaweza, kisha jambo hilo lipelekwe kwa watu (angalia swali la nani wa kumshirikisha).

Ananirushia vijembe kwenye status za WhatsApp. Nami nirushe?

Usirushe. Kijembe kimeundwa ili kikanwe. Bibi zetu walijua: ukivaa kanga iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" ukapita barazani, anayewashwa akilalamika utamwambia, "Mimi nimenunua kanga, wewe umeyaona wapi?" Status inafanya kazi ile ile, ila kanga ilionekana na mtaa mmoja, na status inasomwa na mkwe, bosi na mwalimu wa watoto.

Mfuate mwenyewe, pembeni. "Nimeona uliyoandika asubuhi. Kama ni yangu, niambie. Kama si yangu, nimepita." Akisema si yako, umepita kweli, usiichukue picha ya skrini ukamtumia mama yako. Na kama anaandika mambo ya ndani ya nyumba mpaka watu wanayatambua, hilo lipewe jina lake: anatoa siri za ndoa. Liwekeeni mpaka kama jambo linalojitegemea.

Ananidhihaki mbele za watu, nikiumia anasema "nilikuwa natania tu".

Usibishane kama ulikuwa utani. Mwambie mkiwa wawili, "Huenda ni utani. Mimi haunichekeshi, naomba uuache." Hapo hakuna cha kukanushwa. Akirudia, ondoka kwenye hicho kikao kwa adabu, kila mara. Watani wana watani wao. Mke si mtani wa ukoo.

Anawatumia watoto: "Mwambie baba yako chakula kipo mezani."

Hili lisivumiliwe hata siku moja, awe anayefanya ni yeye au ni wewe. Mtoto wa miaka saba akibeba ujumbe kutoka jikoni hadi sebuleni anakuwa analijua joto la nyumba kuliko hesabu zake za darasani. Mjibu mtoto kwa upole, "Asante mwanangu, nenda kacheze," kisha inuka uende jikoni umwambie mwenyewe, "Nimesikia, nashukuru. Ukiwa na neno langu, niletee mwenyewe." Usimrudishe mtoto na jibu.

Akikasirika ananigeuzia miguu kitandani, wiki tatu sasa.

Mzungu wa nne ni sentensi kamili, ila haina nomino. Unajua kuna kosa, hujui lipi. Kwanza, usilazimishe. Mwili wa mtu si deni linalodaiwa usiku, na kumlazimisha kutaigeuza nyumba yenu kuwa jambo jingine kabisa. Pili, litaje mchana, si kitandani: "Ni wiki ya tatu hatugusani. Sikuombi leo. Nataka kujua kama ni hasira, ni uchovu au ni ugonjwa." Kwa sababu mara nyingi kweli ni uchovu au ugonjwa. Nimeona ndoa ikisutwa mwezi mzima kwa kisirani, kumbe mtu ana maumivu anaona haya kuyasema.

Kwa Waislamu, mume akiapa kutomkaribia mkewe, Suratul Baqara aya ya 226 imempa muda wa miezi minne, si zaidi. Hata hapo hasira imewekewa kalenda.

Akinuna haachi fedha za matumizi.

Basi hanuni tu. Kukata fedha za chakula ili mtu anyooke ni kumtawala kwa njaa. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe, na wajibu huo haukusema "akiwa na furaha". Soma swali la ukatili, kisha lile la sheria.

Mimi pia nikinuna, si ataonja uchungu?

Ataonja, naam. Na nyumba itakuwa na watu wawili wasiosema. Kuna wanandoa niliowasuluhisha waliokaa hivyo mpaka hakuna aliyekumbuka aliyeanza, na kila mmoja alikuwa akisubiri mwenzake aseme kwanza ili amsamehe.

## Ndugu, wazee na sheria

Nani nimshirikishe?

Mtu mmoja au wawili, si kundi la familia la WhatsApp. Mila zetu zilikwisha kuweka watu wa kazi hiyo: mshenga aliyepeleka posa, somo wa bibi harusi, wasimamizi wa ndoa kwa Wakristo. Sifa ya mtu huyo ni kwamba anaweza kumwambia kila mmoja wenu "hapa umekosea" na asifukuzwe. Suratun Nisaa aya ya 35 inataka msuluhishi mmoja kutoka kwa watu wa mume na mmoja kutoka kwa watu wa mke. Hesabu hiyo ina akili: mama yako peke yake si kikao, ni jeshi.

Mwambie mwenzio kabla hujakwenda. "Nimeshindwa peke yangu, nitamwomba mjomba atukalishe." Ukienda kwa siri, naye atakuwa na kisa cha kukununia mwaka mzima.

Tunakaa na mama mkwe. Mume hanuni kwangu, ananuna kupitia mama yake.

Yaani mama anakwambia, "Mwanangu siku hizi amekonda," na wewe unajua ni mkuki. Mheshimu mama, ila usimjibu kama yeye ndiye mume. "Shikamoo mama, nimesikia. Nitamuuliza mwenyewe kinachomkondesha." Kisha muulize kweli, bila kumtaja mama kama shahidi. Njia ya kuzunguka hufa ikikosa wapita njia.

Dini zinasemaje kuhusu kununiana?

Zinakubali kwamba mtu atakasirika, kisha zinaweka saa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, si halali kwa Mwislamu kumsusa ndugu yake zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu anageuka huku na yule kule, na mbora wao ni anayeanza kutoa salamu. Waefeso 4:26 inataka jua lisichwe na uchungu ungalipo. Tatu au moja, hakuna mahali nilipoona kumi na moja, na nilitafuta wakati ule wa friji.

Ila maandiko yasiwe kijembe kingine. Mstari uliobandikwa kwenye mlango wa friji ili mtu ausome akichukua maji ni hasira ya chini kwa chini yenye aya.

Sheria inahusika vipi?

Kwa kununa peke yake, kidogo. Tanzania Bara, anayetaka talaka mahakamani kwa kawaida lazima kwanza apite baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo hupatikana ngazi ya kata, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ndani ya miaka miwili ya kwanza ya ndoa, maombi ya talaka yanahitaji idhini ya mahakama. Ukatili unaoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika si wa kipigo pekee. Wa kiakili umetajwa pia. Kenya nako, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja ukatili wa mwili au wa akili, na sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inahesabu ule wa kihisia na wa kiuchumi. Zanzibar ina utaratibu wake, na ndoa za Kiislamu huko husikilizwa na Mahakama ya Kadhi.

Wengi wanaokwenda barazani hawahitaji talaka. Wanahitaji meza, na mtu wa tatu wa kumwambia mmoja wao, "Sasa zamu yako."

## Hali za pembeni

Nimesoma mpaka hapa nikaona ni mimi.

Karibu, tupo wengi. Anza na sentensi moja yenye neno "nimekasirika" ndani yake, hata kama huna sentensi ya pili. "Nimekasirika, sijui bado nisemeje, nitakwambia kesho baada ya chai." Kisha kesho baada ya chai useme. Usianze na jambo kubwa la miaka kumi. Anza na taulo lililoachwa kitandani. Ulimi unafunzwa kwa vitu vyepesi.

Kama si hasira, bali ni sonona?

Inawezekana, na kuifananisha na kisirani ni kumwonea mtu. Anayenuna huwa mchangamfu simu ya rafiki ikiingia. Mwenye sonona hachangamki kwa rafiki wala kwa mpira wala kwa wajukuu. Usingizi umeharibika, chakula hakipiti au kinapita mno, mambo aliyoyapenda ameyaacha, na hali hiyo imekaa wiki mbili au zaidi. Mpeleke kituo cha afya. Akitaja kufa, usimwache peke yake. Angalia pia matukio: amepunguzwa kazini, anadaiwa na mkopo ambao hujaambiwa, amefiwa? Aibu ikikaa kimya, ukiitazama kwa mbali utadhani ni kununa.

Yeye yuko Muscat, mimi niko Tanga. Akinuna anasoma ujumbe, hajibu.

Tiki mbili za buluu na kimya cha siku nne, hapo hakuna jikoni la kwenda. Kubalianeni mapema, mkiwa na amani, juu ya siku na saa za kupigiana simu hata kama mmekasirikiana, na neno fupi la kuonyesha uhai: "Nipo, nimekasirika, tutaongea Ijumaa." Msigombane kwa maandishi. Ujumbe wa sauti ni afadhali, maana sauti hubeba huzuni na maandishi hubeba kelele tu. Na kabla hujatafsiri kimya, hesabu zamu zake. Mfanyakazi wa ndani ambaye simu yake hukaa kwa mwenye nyumba hajanuna.

Lini si hasira ya chini kwa chini tena, bali ni ukatili?

Ukiwa unaogopa. Kimya kinachokukera ni kimoja, kinachokutetemesha ni kingine. Akikunyima fedha za chakula au dawa, akikutenga na ndugu zako, akikuchunguza simu, akivunja vitu, akitishia kukudhuru au kujidhuru ukimwacha, au akikupiga hata mara moja, mbinu za ukurasa huu si zako. Usijaribu "kumkubalia neno lake". Sheria ya Ndoa ya Tanzania inasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Mwambie mtu unayemwamini, weka vyeti na akiba kidogo mahali pengine. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi na ofisi za ustawi wa jamii. Kenya kuna namba 1195. Na kumbuka upande wa pili: kama wewe ndiye unayepiga, mwenzio hana kisirani. Amenyamaza ili asipigwe.

Ameanza kusema. Anayoyasema yanauma kuliko kununa kwake. Nilitaka hivi?

Ndiyo, hivi ndivyo kunavyoanza. Jambo lililokaa miaka sita ndani halitoki limevaa vizuri. Atachanganya la jana na la harusi yenu, atataja kitu ambacho wewe ulikisahau siku ile ile kilipotokea. Utatamani kumjibu, "Mbona hukusema?" Usimwambie. Ndiyo anasema.

Sikiliza jambo moja mpaka mwisho, lirudie kwa maneno yako ili ajue limefika, na kama lina ukweli likubali bila "lakini". Matusi na vitisho bado una haki ya kuyakataa. Yaliyobaki mwombe myaweke kesho, na kesho uyaulize wewe kwanza kabla hajahitaji kukukumbusha. Wanandoa wangu wa friji, yaani sisi, tulimaliza orodha yetu kwa wiki kadhaa, tukikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba baada ya isha. Dada yake alikuja kulirudisha friji. Nikamwambia abaki nalo, kwani lilikuwa halipozi hata maji.